Sahani Isiyo Yako

Mvuvi wa dagaa wa Mwamgongo hajawahi kuambiwa na mtu afanye mazoezi. Jioni yeye na wenzake wanasukuma kipe majini, ile mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti, na usiku kucha wanashusha wavu chini ya taa na kuuvuta juu, wanashusha na kuuvuta. Kukicha wanapakua dagaa, wanawake wanaanika, yeye analala kidogo. Akiamka, shamba la muhogo linamngoja mlimani, na milima ya huku, kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, inaanza kupanda nyuma tu ya nyumba. Anakula bonge la ugali ambalo karani wa Dar es Salaam angeligawa mara mbili, migebuka kwa mchuzi wa mawese, maharage. Suruali aliyooa nayo bado inamkaa.

Tupige hesabu yake. Mwanamume wa kilo 60 hivi anayefanya kazi ya namna hii hutumia takriban kilokalori 3,400 kwa siku. Mwili huohuo ukikaa chini kutwa unatosheka na kama 2,300. Tofauti ni 1,100, yaani zaidi ya gramu 300 za unga mkavu kila siku ya Mungu.

Sasa mtoe Mwamgongo. Ugomvi wa pombe, nyavu haramu, kesi ya kusingiziwa, sababu yoyote ile. Anapakiwa boti hadi Kibirizi, anafikishwa mahakamani, dhamana inashindikana kwa kuwa wadhamini wako ng'ambo ya saa kadhaa za maji, anaandikwa mahabusu katika gereza la Bangwe. Kuanzia hapo hakuna anayemtaka avute chochote. Mfungwa aliyehukumiwa hutoka na genge kwenda shambani. Mahabusu, kwa kuwa sheria bado haijamtia hatiani, hapangiwi kazi ngumu. Ni haki yake, na ni haki njema. Ila mwili hausomi sheria. Unachojua ni kwamba jana ulipanda mlima na leo umekaa sakafuni, mgongo ukutani, kuanzia asubuhi hadi selo ifungwe.

Msomaji anayezijua jela zetu ameshaanza kukunja uso. Mtu ananenepa jela, hapa Tanzania? Wengi wanaotoka huko wanatoka mashavu yameingia ndani. Kweli kabisa, na sura hii isisomwe kana kwamba inakana hilo. Kwa miaka mingi magereza yetu yote kwa pamoja yalikuwa na nafasi zisizofika 30,000, na waliomo walizizidi nafasi hizo, mahabusu wakikaribia nusu yao. Msongamano unaleta kifua kikuu, upele na kuhara. Chakula ni ugali na maharage, na Julai 2018 Rais Magufuli alilitaka Jeshi la Magereza lijilishe lenyewe kwa jasho la wafungwa, jambo linalokuonyesha bajeti ya jikoni ilivyokuwa ikitazamwa. Mvuvi wetu, kama hana ndugu mjini, atakonda kwanza. Hilo ndilo la kawaida.

Lakini la kawaida si la wote, na hali ya nje ya ukuta imebadilika kwa kasi ambayo ukuta hauwezi kuizuia. Mwaka 2004–05, katika wanawake wa Tanzania wa umri wa kuzaa, 18% walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Kufikia 2015–16 walikuwa 28%. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la damu, na takriban 9% wana kisukari. Watu hawa ndio wanaokamatwa, kama wengine wote. Mfanyabiashara wa Kigoma mjini anayeingia mahabusu na kitambi, presha na dawa zake mfukoni, dawa ambazo getini zitawekwa pamoja na mkanda na simu, ni mgonjwa wa zahanati ya gereza kuanzia saa hiyo, iwe zahanati hiyo ina mizani au haina.

Wenzetu wa mbali wamelipima jambo hili zaidi. Marekani, uchunguzi wa serikali wa 2011–12 ulionyesha kwamba 74% ya wafungwa wa magereza ya majimbo na ya shirikisho walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha mapitio ya tafiti 31 kutoka nchi 15, zenye wafungwa zaidi ya 60,000, na matokeo yake yana mkunjo wa kuvutia. Wanaume waliofungwa, karibu kila mahali, walikuwa na kiribatumbo kidogo kuliko wanaume wenzao wa uraiani. Wanawake, kule Marekani na Australia, walikuwa nacho zaidi kuliko wenzao wa nje. Chakula walichopewa wanawake kilizidi mahitaji yao ya nishati, na chumvi kwa wafungwa wote ilikuwa mara mbili hadi tatu ya inayoshauriwa.

Kwa nini wanawake? Sababu moja iko jikoni tu. Sufuria hupimwa kwa mwili wa mwanamume. Sababu nyingine ni uwanja: wanawake ni wachache, aghalabu wametengewa kona ya gereza la wanaume, na kona haina mahali pa kukimbia wala shamba la kwenda. Kwetu wanawake pia ni sehemu ndogo ya waliofungwa, na wengi hawako katika gereza lao wenyewe kama lile la Kingolwira, Morogoro, bali katika wadi zilizobanwa ndani ya magereza ya mikoa. Anayetaka kujua kiribatumbo kitaanzia wapi katika magereza yetu, na aanze kuangalia huko.

Halafu kuna wengine ambao kila mhudumu wa jela anawafahamu kwa macho. Wapo wenye ndugu karibu, wanaoletewa chapati na nyama kila siku ya kutembelewa. Yupo aliyepangiwa jikoni. Yupo nyapara ambaye bakuli lake halijazwi kwa kipimo cha wengine. Wapo wa vifungo virefu, waliozeeka humo hadi hawatoki tena na genge. Na wapo wanaonenepeshwa na dawa. Wale wa mwisho ndio wanaosahaulika kuliko wote, nami nitakaa nao kidogo.

Mgonjwa wa kifua kikuu anayeongezeka kilo sita kwenye matibabu hajanenepa, amepona, mwache. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zenye dolutegravir, ambazo Tanzania ilianza kuzigawa kwa wingi mwaka 2019, huongezeka pia, na hapo kazi ni kutofautisha mwili unaorudi ulikotoka na mwili unaopitiliza. Mgonjwa wa akili aliye kwenye olanzapini ana habari nyingine kabisa. Dawa ile huamsha njaa isiyoshiba na kuvuruga sukari, na mtu anaweza kubadilika umbo ndani ya miezi michache. Tanzania ina taasisi ya Isanga, Dodoma, jirani na Hospitali ya Mirembe, mahali pa wahalifu wenye magonjwa ya akili. Mahali kama pale mizani ni sehemu ya matibabu ya akili sawasawa na sindano, na kiuno cha mgonjwa kinafaa kuandikwa kwenye faili kila mwezi. Mtu amepoteza uhuru, kisha akili imetulia, kisha anapata kisukari kwa dawa iliyomtuliza: hilo ni deni la aliyemwandikia dawa.

Tumwingize basi mzee mmoja kwenye chumba cha tabibu wa gereza. Ni mtu wa kubuni, ila mazungumzo haya hayahitaji ubunifu mwingi.

"Shikamoo, afande daktari."

"Marahaba. Presha yako imepanda tena, na uzito nao. Unatakiwa upunguze wanga, ule mboga za majani na matunda. Na utembee, angalau nusu saa kila siku."

"Nitembee wapi, afande?"

Tabibu anainamia faili.

"Na chakula, afande, nakula ninachopakuliwa. Nikiacha ugali, nimebaki na maharage. Nikibakisha, anakula jirani, na mimi saa nane za usiku njaa inaniamsha."

Mzee hajabisha, amejibu maswali tu. Ushauri wote wa unene unaouona kwenye mabango ya vituo vya afya unamwendea mtu mwenye sahani yake, mfuko wake na ufunguo wa mlango wake. Ndani ya jela vitu hivyo vitatu viko kwa mwingine. Aandikiwe nani basi ile karatasi ya "punguza ugali"? Mimi nadhani aandikiwe bwana jela.

Tena kupunguza chakula jela si jambo jepesi kama linavyosikika. Chakula humo kimekuwa rungu tangu zamani. Magereza ya wakoloni yaliwapimia wafungwa vyakula kwa rangi zao, Mzungu kivyake, Mhindi kivyake, Mwafrika kivyake, na Robben Island waliendelea hivyo hata Mandela alipokuwa huko: Waafrika hawakupewa mkate. Mlo pungufu ulikuwa adhabu ya kawaida ya utovu wa nidhamu. Ndiyo maana kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Desemba 2015 na kupewa jina la Mandela zinakataza, katika kanuni ya 43, kumpunguzia mfungwa chakula au maji kama adhabu. Tabibu anayeagiza jikoni kwamba fulani apewe nusu ameagiza kitu ambacho mfungwa, nyapara na askari wa zamu wote watakielewa kwa namna moja. Hata nia yake ikiwa safi, wenzake selo watasema fulani ameadhibiwa, na yeye mwenyewe atasema hivyo.

Kenyatta alilielewa hili upande wa pili wa sufuria. Alipofungwa Lokitaung pamoja na wenzake wa kesi ya Kapenguria, umri wake ulimwepusha na kazi ngumu, akapewa upishi. Mwiko ukawa mkononi mwake. Sijui kama historia imempa mpishi yeyote wa jela cheo kikubwa kama alichokuja kupata huyo, ila kila aliyewahi kulala ndani atakwambia mpishi ana cheo tangu siku ya kwanza.

Turudi Kigoma, kwa sababu mkoa huu una gereza linaloonyesha ugumu wa jambo hili kuliko mahali pengine ninapopajua. Gereza la Kwitanga lina shamba kubwa la michikichi. Serikali ilipoanzisha kampeni ya kufufua zao la chikichi mwaka 2018, Waziri Mkuu Majaliwa akifuatilia mwenyewe, Kwitanga lilikuwa miongoni mwa mashamba ya mbele. Wafungwa wanalima, wanavuna mikungu mizito yenye miiba, wanakamua. Hapo jasho halikosekani. Mfungwa wa Kwitanga anafanya kazi inayokaribia ya yule mvuvi. Na mafuta yapo.

Kijiko kimoja cha chakula cha mawese kina kilokalori 120 hivi. Karibu nusu ya mafuta hayo ni yale mazito yanayoganda, yasiyoipendeza mishipa ya damu, lakini ule wekundu wake ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na maharage yaliyochemshwa kwa maji na chumvi peke yake hayana kitu hicho. Kwa kijana aliyekonda, aliyetoka kutibiwa kifua kikuu, anayevuna chikichi saa sita kwa siku, vijiko viwili vya mawese kwenye maharage yake ni tiba, na angepewa hata vitatu. Kwa mzee wa presha asiyetoka selo, vijiko hivyohivyo viwili vikirudiwa kila siku bila kazi ni karibu kilo nzima ya mwili kwa mwezi, kwa hesabu ya karatasi, maana kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kilokalori 7,700. Mwili hauendi kwa karatasi kikamilifu, hujirekebisha, ila mwelekeo ndio huo. Watu wawili, foleni moja, pipa moja, mpakuaji mmoja. Kanuni ya 22 ya Mandela inadai chakula chenye lishe ya kutosha kwa afya na nguvu, na ukiisoma mbele ya foleni ya namna hii unagundua kwamba "kutosha" hakuwezi kuwa kipimo kimoja.

Ninachokipenda kuhusu tatizo hili ni kwamba sehemu yake kubwa haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mizani inayofanya kazi, utepe, daftari, na tabibu ambaye mkuu wa gereza anamsikiliza.

Mizani iwepo siku ya kwanza. Mtu akiandikwa getini, apimwe uzito, urefu, kiuno, presha, na sukari kwa mwenye dalili au mwenye kitambi. Kiuno ni muhimu hasa kwa watu wa ziwani: mvuta wavu mwenye mabega mapana anaweza kuonekana amezidi uzito kwa hesabu ya kilo na urefu, wakati tumbo lake ni bapa. Kwa wanaume sentimita 94 huanza kuonya, kwa wanawake 80. Kisha apimwe tena kila mwezi, kwa sababu kinachosema kweli ni mwendo wa namba. Anayepungua kilo nne ndani ya miezi miwili akohoe kwenye kopo la makohozi. Anayeongezeka kilo nne abonyezwe miguu kwanza. Kidole kikiacha shimo juu ya kifundo, huo ni uvimbe, na uvimbe unaweza kuwa moyo, figo, au njaa yenyewe, kwani mwili uliokosa protini nao hujaa maji. Nina hofu ya kweli kwamba tabibu aliyesoma sura kama hii haraka atamwambia mtu mwenye njaa kwamba amenenepa.

Dawa nazo zichaguliwe kwa kuikumbuka selo. Chakula cha mwisho jela huliwa mapema, jua lingali juu, kisha milango inafungwa hadi asubuhi. Mgonjwa wa kisukari mnene akipewa glibenklamidi jioni, sukari yake inaweza kuporomoka usiku wa manane, katikati ya watu waliolala ubavu kwa ubavu, na askari mwenye ufunguo yuko mbali. Metformini haina hatari hiyo ikitumiwa peke yake, na haiongezi uzito. Kama figo zake zinaruhusu, aanzie hapo. Akihitaji insulini, abakishiwe kitu cha kula usiku, na selo nzima ijue dalili: jasho, kutetemeka, maneno ya ovyo.

Jikoni, kitu cha kwanza kuguswa kiwe chumvi, kwa kuwa kupunguza chumvi hakumnyimi mtu shibe wala hakufanani na adhabu. Cha pili sukari ya uji, pale inapowekwa. Cha tatu mboga, na hapa gereza lenye ardhi halina kisingizio. Mchicha na matembele huota Kigoma hata usipovibembeleza. Ugali ubaki. Anayeona kinachozidi ni ugali aangalie kwanza kilichokosekana pembeni yake.

Saa moja ya kunyoosha viungo nje kila siku iko kwenye kanuni ya 23 ya Mandela, kwa kila asiyefanya kazi ya nje. Maana yake mahabusu, wanawake na wazee, walewale tuliowataja. Mandela mwenyewe ameeleza alivyokuwa akikimbia papo hapo ndani ya selo hadi dakika 45 asubuhi, kisha pushapu mia. Sitarajii hilo kwa mzee wa miaka 60 kwenye selo ya msongamano ambako hata kunyoosha mguu ni mazungumzo. Natarajia mlango ufunguliwe. Uamuzi huo uko kwenye ratiba ya zamu, na ratiba anaisaini mkuu wa gereza.

Yupo mgonjwa mwingine kwenye benchi la zahanati hiyohiyo. Zahanati ya gereza iko chini ya Jeshi la Magereza, ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na kwa kawaida humtibu pia askari, mke wake na watoto wake wa kota. Askari wa lindo anasimama au anakaa saa nyingi, anakula wakati usioeleweka, na ana mshahara wa kununua soda. Ana sahani yake, mfuko wake na ufunguo, tena ufunguo wa wengine. Ushauri wa bango unamfaa yeye kuliko yeyote, na tabibu mwenye busara ataanza kliniki ya presha na uzito kwa askari, kwa sababu mkuu wa gereza aliyepimwa kiuno chake mwenyewe huwa mwepesi kuelewa kwa nini utepe unahitajika.

Marekani mjadala umeshafika kwenye sindano za semaglutidi, zilizoidhinishwa huko kwa kupunguza uzito mwaka 2021. Mahakama yao ya juu kabisa ilishasema mwaka 1976, katika kesi ya Estelle dhidi ya Gamble, kwamba kupuuza kwa makusudi ugonjwa mzito wa mfungwa ni ukatili unaokatazwa na katiba. Sasa wanaulizana kama kiribatumbo ni ugonjwa mzito wa namna hiyo, na nani alipe. Wakati huohuo maduka ya ndani ya jela zao yanauza tambi za paketi zilizojaa chumvi, ambazo mtafiti mmoja mwaka 2016 alieleza zilivyochukua nafasi ya sigara kama fedha ya kubadilishana. Sisi hatujafika huko, na tambi ni rahisi kuzikataa kabla hazijaingia kuliko baadaye.

Siku ya kutoka ina hatari yake. Mtu aliyetibiwa presha miaka mitatu jela hutoka asubuhi na nguo alizoingia nazo, na faili lake linabaki kabatini, kwa kuwa gereza na kituo cha afya cha kijiji chake viko chini ya wizara tofauti. Akifika Kibirizi anatafuta nauli ya boti, sio kliniki. Nyumbani watamtazama mwili. Akiwa amekonda watasema ameteseka, na wengine watanong'ona Ukimwi. Akiwa amenenepa watacheka kwamba huko kulimpenda, na jamaa watamlisha zaidi kwa furaha ya kumwona. Hakuna atakayemuuliza kidonge cha asubuhi. Kwa hiyo apewe mkononi, kabla ya geti, dawa za miezi miwili na karatasi moja yenye namba tano: uzito wa kuingia, uzito wa kutoka, kiuno, presha, sukari. Mganga wa kijijini anayeipokea karatasi hiyo ataanzia pale tabibu wa gereza alipoishia. Mvuvi akirudi kwenye kipe na mlima, uzito utashuka wenyewe, na dozi ya presha iliyomfaa selo inaweza kumwangusha kwa kizunguzungu majini usiku, kwa hiyo wiki ya pili tu apimwe tena na dozi ipunguzwe ikibidi.